Pumzi ya haraka, pumzi ya taratibu: yoga kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi

"Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Tanga, nina miaka 50. Hedhi ya mwisho niliiona miezi minane iliyopita. Usiku naamshwa na joto linaloanzia kifuani na kupanda hadi usoni, shuka inalowa, halafu nashikwa na baridi. Likinijia mchana nikiwa mbele ya darasa natamani ardhi ipasuke. Mgongo nao unauma. Nina presha, natumia amlodipine miligramu 5, na juzi kliniki walinipima wakapata 148/92. Binti yangu amenionyesha video ya yoga kwenye simu. Anayefundisha anasema ukipumua haraka haraka kwa kusukuma tumbo unaongeza oksijeni, unaamsha homoni na presha inaondoka bila dawa. Nilijaribu siku tatu. Siku ya tatu nilipata kizunguzungu, vidole vikafa ganzi, nikaogopa nikaacha. Shoga yangu naye anasema yoga ni ibada ya watu wengine, nisiiguse. Je, yoga inasaidia kweli au ni mambo ya mtandaoni? Naweza kupunguza dawa? Nipumue vipi? Na ni lazima ninunue ule mkeka wake? Dukani wanauza shilingi 65,000."

Dada yangu, nianze na vile vidole, kwa sababu naona ndivyo vilivyokutisha hata ukaandika. Ulivyoeleza, haielekei kuwa ni kiharusi, na wala hukulikosea zoezi. Ulilifanya kama ulivyoambiwa, na hayo ndiyo matokeo yake. Zoezi lile linaitwa kapalabhati. Ni la zamani katika yoga ya India, na kwa desturi hufundishwa na mwalimu aliyekaa mbele yako, anayekutazama uso, kwa mizunguko mifupi yenye mapumziko. Video haioni uso wako.

Kilichotokea ni hiki. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa kasi hiyo ya kawaida, damu inayotoka kwenye mapafu yake tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba. Ukivishwa kile kipimo cha kubana kidole kinachotumika hospitali, kitasoma 96, 97, 98 kwa mia. Daladala imejaa, konda akiendelea kupiga kelele kuita abiria, viti haviongezeki. Kupumua haraka, basi, hakukupi oksijeni ya ziada ya maana. Kunachofanya ni kufukuza hewa ukaa.

Na hewa ukaa, ambayo wote tulifundishwa shuleni kuwa ni taka (pengine hata wewe umeifundisha hivyo), ina kazi yake mwilini. Inasaidia mishipa ya damu ya ubongo kubaki wazi, na inashikilia kiwango cha asidi katika damu. Ikishuka ghafla, mishipa ya ubongo hubana na kichwa huzunguka. Damu hupoteza asidi kidogo, kalsiamu iliyo huru ndani yake hupungua, na mishipa ya fahamu huwa myepesi kushtuka. Hapo ndipo ganzi inapoingia kwenye vidole na kuzunguka midomo. Nimewahi kuletewa mama mmoja, mikono imekakamaa, vidole vimekusanyika ncha kwa ncha kama anayetaka kuokota punje ya mchele, na wanawe wanalia kwamba amepooza. Daktari alishampima na kuona moyo na ubongo viko salama. Alikuwa amepumua kwa pupa kwa sababu ya hofu. Nilikaa naye kwenye benchi tukahesabu pamoja, anatoa pumzi taratibu mimi nikihesabu kwa sauti, mpaka vidole vikafunguka kimoja kimoja.

Kwa mtu mwenye presha ya 148/92 kwenye dawa, zoezi lile si lako. Sisemi ni sumu. Wapo wanaolifanya miaka na miaka bila shida, lakini kusukuma tumbo kwa nguvu na kwa haraka huchangamsha moyo, na wewe unahitaji kinyume chake.

Sasa homoni. Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, milioni moja au mbili hivi, na haongezewi hata moja. Akifika umri wako, akiba imekaribia kwisha, na ovari zinazotengeneza estrojeni, homoni ya kike, kwa kutegemea mayai hayo hazina tena cha kufanyia kazi. Hakuna mkao, hakuna pumzi, na hakuna chai inayoweza kuirudisha akiba hiyo. Anayekuambia zoezi "linaamsha homoni" anauza tumaini. Kukoma hedhi si ugonjwa wa kutibiwa upone, ingawa dalili zake zinatibika, na nitalirudia hilo mbele.

Kitu kimoja hukukiuliza: miezi minane si mwisho. Tunasema hedhi imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Kabla ya hapo ovari inaweza kukurupuka na kuachia yai moja la mwisho, na nimewahi kukutana na mama aliyekwenda kupimwa "uvimbe" akakuta ni mimba. Kwa mwanamke aliyevuka miaka 50, ushauri ni kuendelea kujikinga mpaka mwaka mzima upite.

Lile joto lenyewe lina maelezo yake. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, na moja ya kazi zake ni kulinda joto la mwili. Kwa kawaida inavumilia mabadiliko madogo bila kelele: ukipanda ngazi au ukinywa chai, haishtuki. Estrojeni inaposhuka, kundi la seli za hapo ambazo zilikuwa zikitulizwa nayo huanza kupiga kelele, na uvumilivu ule unakuwa mwembamba kama uzi. Joto likipanda nukta tu, ubongo unadhani unaungua. Unaamuru mishipa ya ngozi ifunguke, jasho litoke, moyo uende mbio. Dakika chache baadaye mwili umepoa kupita kiasi, nawe unavuta blanketi. Mwili haujapata homa. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu hapa kwetu kuna wanawake wanaomeza dawa ya malaria karibu kila mwezi kwa "homa za usiku", bila kipimo, na joto halikomi kwa sababu halikuwa malaria.

Je, yoga inalizima joto hilo? Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la wanawake 249 waliokuwa wakisumbuliwa na mafukuto, yaani joto la ghafla kama lako. Baadhi waliwekwa kwenye yoga kwa wiki 12, wengine wakaendelea na maisha yao kama kawaida. Idadi ya mafukuto haikutofautiana. Kundi la yoga halikupata nafuu kubwa ya joto kuliko wenzao. Lakini usingizi wao ulikuwa bora. Kuhusu pumzi ya taratibu, miaka ya 1990 vilitokea vijaribio vidogo vilivyotupa matumaini makubwa, hata sisi wataalamu tukaanza kuipendekeza kila mahali. Majaribio makubwa zaidi yaliyofuata hayakuyaona matokeo hayo. Mwaka 2023 jumuiya ya wataalamu wa ukomo wa hedhi ya Amerika Kaskazini ilipopitia tiba zisizo za homoni, haikuiweka yoga wala pumzi ya taratibu kwenye orodha ya vitu inavyovipendekeza kwa ajili ya mafukuto. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaahidi wanawake zaidi ya hapo, na sasa siahidi tena.

Hata hivyo nawaambia wafanye, na sijipingi. Mafukuto ni sehemu moja tu ya mzigo wako. Usiku joto linakuamsha dakika tatu, lakini saa moja na nusu inayofuata unakaa macho kwa sababu moyo umeshaamka, na mawazo yamepata nafasi: ada ya mtoto, madaftari ya kusahihisha, kwa nini jirani hakukusalimu. Hiyo saa na nusu ndiyo pumzi inaweza kuigusa. Na darasani, joto likija, kinacholikuza ni ile hofu kwamba watoto wanakuona unavyotoka jasho. Hofu inaongeza kasi ya pumzi na ya moyo, na joto linaonekana refu kuliko lilivyo. Pumzi ya taratibu hailifukuzi joto. Inakuacha usimame palepale mpaka lipite.

Namna inavyofanya kazi si uchawi. Ukivuta pumzi moyo huenda haraka kidogo, ukiitoa hupungua kasi. Unaweza kulihakikisha sasa hivi kwa kushika mpigo wa damu kwenye kifundo cha mkono. Breki inayoupunguza kasi ni neva ndefu inayoshuka kutoka chini ya ubongo hadi moyoni na tumboni, iitwayo vagasi, na inafanya kazi zaidi unapotoa pumzi. Ukirefusha kutoa pumzi, unakanyaga breki muda mrefu zaidi. Tena, kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifuani kuna vihisi vinavyopima presha na kuurekebisha moyo, na mzunguko wao wa asili ni kama sekunde kumi. Ukipumua mara sita kwa dakika, yaani pumzi moja kila sekunde kumi, mzunguko wa pumzi na mzunguko wa vihisi vinakwenda pamoja, kama wawili wanaotwanga kinu kimoja bila michi kugongana.

Hapa naomba nimjibu shoga yako. Mimi si sheikh wala padri, na suala la imani waulizeni wenye elimu yake mnaowaamini. Yoga kweli imetoka katika dini na falsafa za India, hilo halifichiki. Lakini mwaka 2001 kundi la Mtaliano Luciano Bernardi lilichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, utafiti wa watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini na wakati mwingine wakasoma mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa. Yote mawili yalishusha pumzi zao hadi karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakabadilika kwa mtindo uleule. Kifua hakijui ni lugha gani imekipunguza mwendo. Kwa hiyo kama neno yoga linakukwaza, liache neno. Chukua tasbihi yako: punje moja, pumzi moja, sekunde kumi. Ukimaliza punje 33 zimepita dakika tano na nusu, na hukuhitaji saa wala simu. Mwenye rozari naye ahesabu vivyo hivyo.

Sasa nipumue vipi, umeuliza. Anza mchana, usianze usiku ukiwa umeshachanganyikiwa. Lala chali kwenye jamvi, miguu ipandishe kwenye kiti au kitanda mpaka magoti yakunjike vizuri, kiuno kitapumzika chenyewe na mgongo wako utakushukuru. Legeza kanga kiunoni. Chukua kikombe cha plastiki kitupu, kiweke juu ya kitovu. Funga mdomo, vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja mpaka nne, bila kujaza kifua kwa nguvu. Vuta kama unayenusa wali unaoiva jiko la jirani. Kikombe kipande. Kisha toa, kwa pua au kwa midomo iliyobanwa kidogo kama anayepuliza chai, ukihesabu mpaka sita. Kikombe kishuke. Usibane pumzi katikati. Kikombe kikikaa palepale huku mabega yakipanda, unapumua kwa kifua cha juu, na wengi wetu ndivyo tunavyopumua mchana kutwa. Siku za mwanzo kikombe kitaanguka, kicheke na ukirudishe.

Kama nne kwa sita inakubana, fanya tatu kwa nne. Ukiona njaa ya hewa au kizunguzungu, umezidisha kina; punguza hewa unayovuta, usiiongeze. Wengi wanakosea hapo: wakiambiwa "pumua taratibu" wanapumua kwa kina kikubwa, na wanarudi kulekule kwenye ganzi ya vidole. Dakika tano asubuhi na kumi kabla ya kulala zinatosha. Baada ya wiki mbili au tatu mwili utakuwa umeijua njia, na hapo ndipo utaweza kuitumia darasani ukiwa umesimama na chaki mkononi, bila mtoto yeyote kujua. Na yale ya kawaida usiyadharau: kanga ya pamba badala ya shuka ya nailoni, maji ya baridi karibu na kitanda, chai ya moto na pilipili kidogo kidogo kama umeona zinakuletea joto.

Nije kwenye dawa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Usipunguze. Yoga na pumzi ya taratibu vinaweza kushusha presha kwa pointi chache, na kwa mtu ambaye presha yake iko mpakani hizo pointi chache ni nzuri. Kwako wewe, 148/92 ukiwa tayari unameza dawa maana yake ni kwamba dawa uliyopewa bado haijakufikisha panapotakiwa, kwa kuwa lengo kwa wengi ni kuwa chini ya 140/90. Jambo la kujadili kliniki ni kuongeza au kubadili dawa, siyo kupunguza. Ukiiacha, presha haitakupigia hodi. Kiharusi hakina adabu hiyo. Pumzi, kupunguza chumvi na kutembea, vyote viwe juu ya dawa. Siku presha ikishuka na ikabaki chini kwa miezi, daktari mwenyewe ataangalia kama kipimo cha dawa kinaweza kupungua.

Lakini kuna jambo ambalo huenda hukuambiwa. Amlodipine hufungua mishipa ya damu, ndiyo kazi yake, na kwa baadhi ya watu huleta joto la uso, moyo kwenda mbio na miguu kuvimba kwenye vifundo. Je, mafukuto yako yalizidi baada ya kuanza dawa hiyo? Miguu inavimba jioni? Kama ndivyo, mwambie daktari, dawa za presha ziko za aina nyingi na anaweza kukubadilishia. Narudia, mwambie; usiiache mwenyewe.

Na kama joto linakunyima maisha, usiridhike na pumzi tu. Tiba inayolipunguza vizuri kuliko zote ni ya homoni. Kwa wanawake wengi walio chini ya miaka 60, au ambao hawajavuka miaka kumi tangu hedhi ikome, faida huwa kubwa kuliko hatari. Haifai kwa aliyewahi kupata saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu miguuni au kwenye mapafu, au anayetoka damu isiyojulikana chanzo. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, huongezewa projesteroni ili kulinda ukuta wa kizazi. Presha yako itabidi itulizwe kwanza. Haipatikani kila mahali hapa nchini, na si rahisi mfukoni. Ziko pia dawa zisizo za homoni. Haya ni ya kuzungumza na daktari wa magonjwa ya wanawake, na nasisitiza uende, kwa sababu kuna dhana kwamba mafukuto ni ya mwaka mmoja, vumilia yatapita. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuata wanawake kwa miaka mingi uliona muda wa kati ni miaka saba na zaidi, na kwa Wamarekani weusi ulivuka kumi. Huo si muda wa kumwambia mtu avumilie.

Mikao ya yoga sasa, ambayo nimeichelewesha kwa makusudi. Kwa mgongo unaouma muda mrefu, yoga ina ushahidi wa kutosha. Mwaka 2017 jumuiya ya madaktari wa Marekani, American College of Physicians, iliiweka miongoni mwa vitu vya kujaribu kabla ya vidonge. Haiponyi kimuujiza, na mazoezi mengine ya mgongo yanaifikia. Faida yake ni kwamba watu wanaipenda na wanarudi kesho.

Tahadhari yangu ni mifupa. Estrojeni ikiondoka, mifupa hupungua uzito kwa kasi miaka ya mwanzo, na uti wa mgongo ni wa kwanza kulipa. Mwaka 1984 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa matokeo ya wanawake 59 ambao mifupa yao ilishadhoofika. Waliofanya mazoezi ya kukunja mgongo kwenda mbele, asilimia 89 kati yao walipata pingili mpya zilizobonyea. Waliofanya ya kunyoosha mgongo kwenda nyuma, asilimia 16. Ni utafiti mdogo na wa zamani, lakini tangu niusome sijawahi kumruhusu mwanamke niliyemtilia shaka mifupa aketi chini avute vidole vya miguu kwa mgongo uliopinda. Wewe hujasema umewahi kuvunjika au kupungua kimo, basi sisemi mifupa yako ni dhaifu. Ila jifunze mapema kuinama kwa nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, iwe kwenye mazoezi au kwenye beseni la kufulia.

Mikao ya kichwa chini, kama ile ya viganja na nyayo chini huku makalio yakiwa juu, iache mpaka presha itulie. Macho pia yanahusika. Utafiti wa New York wa 2015 uliona presha ya ndani ya jicho ikipanda ndani ya dakika moja kwa mikao ya namna hiyo, hata kwa wasio na glakoma, ule ugonjwa wa presha ya jicho unaopofusha polepole. Kama kwenu kuna mzee aliyepofuka polepole bila maumivu, pima macho kwanza. Na ukisikia darasa la yoga kwenye chumba kilichopashwa joto, dada yangu, Tanga tunalo joto la bure.

Kinachokufaa: kulala kifudifudi na kuinua kifua taratibu kwa misuli ya mgongo, mikono ikisaidia kidogo, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta mpaka uhesabu 20, kisha mguu wa pili, maana uwiano ndio unaokuepusha na kuanguka uzeeni, kuketi kwenye kiti na kusimama bila kushika popote, mara kumi, upumzike, urudie. Hilo la mwisho si yoga hata kidogo, ila mapaja yako yanalihitaji. Yoga peke yake haiijazi mifupa wala misuli vya kutosha. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme kidogo, na siku mbili za mazoezi ya nguvu. Kutembea haraka kwenda shule kunahesabika. Kubeba ndoo nako kunahesabika, mgongo ukiwa wima. Na kama mkojo unakuponyoka ukicheka au ukipiga chafya, jambo ambalo wengi huona haya kuliandika, kaza misuli ile unayoitumia kuzuia mkojo, hesabu tano, legeza, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Inasaidia kweli, na ikikaa miezi mitatu bila nafuu mtafute mtaalamu wa fiziotherapia akushike mkono.

Lini uache kusoma majibu kama haya na uende hospitali? Jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au kupungua uzito, nenda upimwe kifua kikuu na Virusi vya Ukimwi; si kila jasho ni umri. Moyo ukienda mbio hata usipofukuta, mikono ikitetemeka, shingo ikivimba mbele, dai kipimo cha tezi ya shingo. Homa ya kweli, inayoonekana kwenye kipimajoto, ipimwe malaria kabla ya kumeza kitu. Ukipata damu baada ya miezi 12 ya kukauka, hata tone moja kwenye nguo, usiseme "hedhi imerudi", wahi ukaangaliwe kizazi na mlango wake. Maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja, mdomo kupinda, au presha ya 180/120 na kuendelea ukiwa na maumivu makali ya kichwa: hapo ni gari na hospitali siku hiyohiyo.

Umebaki mkeka. Kama sakafu yako ni ya saruji, jamvi na blanketi lililokunjwa chini ya magoti vinatosha. Kwenye vigae jamvi huteleza, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kuvunja kifundo, basi fanya pekupeku juu ya vigae vitupu vilivyokaushwa, ukuta ukiwa karibu. Hizo 65,000 ziweke, ongezea kidogo ukipata, ununue kipimo cha presha cha kufunga mkono wa juu, si kile cha kifundo cha mkono. Kaa dakika tano kwenye kiti chenye egemeo, nyayo chini, bila kuzungumza, upime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku saba, na uandike kila namba kwenye daftari. Ukienda kliniki, mpe daktari daftari hilo kabla hajafungua faili lako.